Moshi Kwenye Chupa za Sericho

Jumanne, 9 Septemba 2025

Tap. Tap. Tap.

Bado naisikia. Nimeoga, nimekunywa chai, nimejilazimisha kulala mchana — bado ipo. Si sauti kubwa. Ni kitako cha chupa ya plastiki kikigongwa kwa kiganja ili masizi yaanguke. Mara tatu. Kimya. Halafu chupa nyingine.

Niiandike yote, labda itatoka kichwani.

Nilikwenda Sericho Ijumaa, kwa Akko. Ni bibi yangu, mzaa mama, aliyenilea tangu mama afariki. Kwa miaka miwili yeye na mjomba Golicha wamenikusanyia maziwa ya ngamia wao kwa ajili ya tasnifu yangu. Mjomba anakama, Akko anapokea na kujaza chupa zangu, mjomba anatia fomalini, anazileta Isiolo ndani ya boksi la barafu. Mimi nabaki maabara hapa mjini, kwa sababu sampuli zikifika lazima mtu awe tayari kuzipokea saa hiyo hiyo. Kwa hiyo sikuwahi kuona zinavyojazwa. Hata mara moja! Safari hii zilikuwa za mwisho, sampuli kumi tu za kuongezea, nikasema niende mwenyewe. Nilitaka picha ya Akko kwa ukurasa wa shukrani.

Jana alfajiri, kumepambazuka tu. Natafuta ndala zangu. Nikaisikia nyuma ya nyumba. Sauti ya gorfa naijua, kile chombo cha maziwa cha kusukwa tunachokisafisha kwa moshi. Yake ni nzito, kama imemezwa. Hii ilikuwa nyembamba. Ya dukani. Nikazunguka.

Akko ameketi kwenye kigoda. Mbele yake kopo lenye kijinga cha mzeituni wa porini, kinafuka. Na chupa yangu — chupa yangu, iliyotoka kiwandani imefungwa kwenye mfuko wake ili isiguswe na chochote! — ameigeuza mdomo chini juu ya moshi, anaizungusha polepole kwa vidole viwili. Tisa zimeshapangwa mkekani. Ndani zina rangi ya chai ya strungi iliyozidishwa maji.

Nikamwuliza anafanya nini.

“Ninachofanya kila mara,” akasema. “Ulidhani nitakutumia maziwa kwenye chupa inayonuka duka? Madaktari wako wangesema hukulelewa.”

Kila mara.

Akanisimulia, kwa fahari kabisa, kwamba ile ya kwanza iliyeyuka. Alikuwa hajaizoea plastiki. Aliizika nyuma ya zizi, na mjomba akatumwa kuniambia imeanguka kutoka kwenye pikipiki. Namkumbuka mjomba akisema hivyo! Niliandika kwenye daftari: chupa 1 imepotea njiani.

Nilisema asante. Asante, Akko — nikapokea zote kumi zilipojazwa, nikampiga picha.

Sampuli thelathini na sita ninazo tayari. Zote za mkono wake.

Jumatano, 10 Septemba

Sikwenda maabara. Nimesoma daftari lote la sampuli kuanzia ukurasa wa kwanza, natafuta mahali pa kujificha. Hakuna.

Niandike kama namweleza asiyejua. Pengine nitaona mwanya.

Ndani ya kila seli ya ngamia kuna jeni linalotengeneza protini ya kuilinda seli wakati wa joto. Jeni hilo halisomwi wakati wote. Mbele yake kuna kipande kifupi cha DNA, promota, chenye herufi zinazojirudia: GAA, TTC, GAA. Promota peke yake haifanyi kitu. Inangoja kushikwa. Anayeishika ni protini nyingine, HSF1. Seli ikiwa imetulia, HSF1 zinaelea moja moja, hazina kazi. Joto likija zinashikana tatu tatu — kama mawe ya jikoni, moja halibebi sufuria — zinaingia kwenye kiini, zinapita juu ya mamilioni ya herufi zisizowahusu mpaka zifike kwenye GAA, TTC, GAA. Hapo zinakaa. Zikikaa, jeni linaanza kusomwa. Zikiondoka, linanyamaza. Ndiyo yote. Nimelipenda jambo hili tangu mwaka wa tatu chuoni, kiasi kwamba siku moja nililia darasani nikajifanya nina mafua.

Nilichogundua — nilichosema nimegundua — ni kwamba ngamia wa Sericho, wanaokaa siku nyingi bila maji, wana HSF1 juu ya promota hata alfajiri, kukiwa na baridi. Ngamia wa Ekai, yule Mturkana wa Ngaremara, wanaokunywa maji kila siku, hawana. Maana yake: ngamia mwenye kiu hangoji joto. Anajiandaa kabla jua halijatoka. Niliposema sentensi hiyo kwenye kongamano la Nairobi mwezi wa tano, watu waliacha kuandika wakanitazama. Dkt. Mugure, msimamizi wangu, alinifinya mkono chini ya meza. Wiki tatu baadaye chuo kikuu cha Oslo wakaniandikia. Nafasi ya masomo ya udaktari, miaka minne kuanzia Januari, kuendeleza ugunduzi huo huo.

Lakini HSF1 haiamshwi na joto peke yake. Inaamshwa na madini mabaya, na sumu ndogo ndogo, na moshi. Mwanafunzi wa mwaka wa pili anajua hilo! Maziwa yakishatoka kwenye chuchu, seli zake bado ziko hai. Zinakaa kwenye chupa iliyofukizwa karibu nusu saa, mpaka mjomba amalize kukama wote, ndipo anatia fomalini ya kuzigandisha zilivyo. Nusu saa! HSF1 inahitaji dakika chache tu.

Na Ngaremara? Ngaremara nilijaza mimi. Chupa safi, kutoka mfukoni moja kwa moja. Ekai alinicheka nilivyovaa glavu, akaniuliza mgonjwa ni ngamia wake au ni mimi.

Kwa hiyo upande wote wa kiu una moshi. Upande wote wa maji hauna. Sijui kama nimepima kiu au nimepima kuni za Akko.

Na kuna kinachoniuma zaidi. Ephantus alinusa! Ephantus, fundi wa maabara, mtu wa Meru. Boksi la kwanza kabisa, mwaka juzi, alifungua chupa akarudisha kichwa nyuma. “Ghai! Hii maziwa imepitia jikoni ya nani? Inanuka kama jaketi ya guka.” Guka kwao ni babu. Nikakasirika. Nikamwambia hamjui maziwa nyinyi, mmezoea ya pakiti. Akacheka, nami nikacheka, tukaendelea na kazi.

Mimi sikunusa kitu. Maziwa yote niliyokunywa maishani mwangu yananukia hivyo. Kwangu hiyo si harufu, ni maziwa tu.

Alhamisi, 11 Septemba

Sijala tangu jana. Dkt. Mugure ameandika: makala inatumwa kwa jarida Jumatatu ya tarehe 22. Niisome mara ya mwisho, nimpe neno. “Hii itabadilisha maisha yako, Bisharo.” Akaweka na picha ya moyo. Mama huyu hajawahi kunitumia hata tabasamu kwenye simu!

Sijajibu.

Jumamosi, 13 Septemba

Nimeamua kupima. Kama moshi hauwashi kitu kwenye seli hizi, basi Akko hana kosa, mimi sina kosa, na naweza kulala.

Asubuhi nimepita sokoni kununua kuni za kufukizia. Yule mama anayeziuza ananifahamu. Akapaza sauti majirani wote wasikie: “Leo msichana wa vitabu ananunua kuni za maziwa! Umepata bwana au umepata akili?” Wakacheka. Nikacheka pia, kwa mdomo.

Ngaremara. Ekai alinikubalia ngamia sita. Kutoka kwa kila mmoja nachukua chupa mbili, maziwa yale yale, saa ile ile. Moja safi, moja ya moshi. Nilizifukiza mwenyewe nyuma ya zizi lake la mbuzi. Ekai alikuja kuangalia. Akasema leo nimefanana na mtu wa nyumbani, mwaka jana nilifanana na daktari wa polisi.

Ya kwanza iliyeyuka! Mdomo wa chupa ukajikunja kama jani. Nikachimba kwa kisigino nikaizika, na nilishamaliza kuifukia ndipo nikajua nimefanya nini.

Zile nyingine niliweza. Vidole viwili, polepole, mbali kidogo na kijinga. Hakuna aliyenifundisha. Mikono ilikuwa inajua. Halafu nikageuza chupa nikaigonga kwa kiganja, mara tatu.

Nusu saa kwa saa ya simu. Fomalini. Barafu. Njiani nilimwomba Mungu HSF1 ilale. Sijui kama inaruhusiwa kuombea protini.

Jumatatu, 15 Septemba

Imekwisha.

Jana kutwa tulikuwa tunaandaa, mimi na Ephantus, ingawa Jumapili ni siku yake ya kanisa. Nilimwambia ni jaribio dogo la kuhakiki. Seli tumezipasua, DNA tumeikatakata, halafu kingamwili ya HSF1 ikavua vile vipande tu vilivyoshikwa na HSF1. Leo ilibaki kuuliza mashine: katika vilivyovuliwa, promota yangu imo? Ikiwa imo kwa wingi, mstari unapanda mapema kwenye kioo. Ikiwa haimo, mstari unalala.

Saa tano na nusu mistari sita ilianza kupanda. Pamoja. Kama watu walioitwa jina moja. Sita iliyobaki ikalala chini kabisa, ikainuka mwishoni kwa uvivu.

Ephantus akaanza mzaha wake. “Daktari wa ngamia, hizi sita zimeona simba wapi?” Halafu akasoma vibandiko. Nilikuwa nimeandika M kwenye chupa za moshi. Akasoma tena. Akakumbuka — niliona usoni akikumbuka lile boksi la kwanza.

“Ni shosho wako?” akaniuliza, yaani bibi yangu.

Nikatikisa kichwa ndiyo. Akaenda kufunga mlango.

Mashine ikamaliza, ikaanza kulia. Akaizima. Akasema taratibu, bila kuniangalia, kwamba anayejua ni mimi, yeye na shosho. “Na shosho hajui kama anajua.” Nikamwambia Mungu anajua. Akasema Mungu haandiki kwenye majarida. Akajuta papo hapo, akaomba radhi — kwangu au kwa Mungu, sijui.

Kisha akasema neno ambalo limenikaa kama mwiba: “Na kiu je? Wewe hujui kama kiu haiko. Pengine iko hapo chini ya moshi. Pengine ulisema ukweli bila kujua.”

Hilo ndilo baya kuliko yote. Inawezekana! Inawezekana kabisa ngamia wa Sericho hangoji joto, na sentensi yangu ni ya kweli, na sina hata sampuli moja ya kuionyesha. Ephantus si mtu mbaya. Amenioshea vifaa saa zake za chakula miaka miwili. Jina lake ni la tatu kwenye makala, na ni mara yake ya kwanza jina lake kuandikwa popote zaidi ya kitambulisho.

HSF1 haikunidanganya. Iliguswa na moshi, ikaenda ikakaa pale herufi zake zilipo, kama inavyofanya siku zote. Mimi ndiye niliyeikuta imekaa nikasema: kiu.

Jumanne, 16 Septemba

Nimekaa kitandani mpaka adhuhuri. Mke wa mjomba, ninayekaa kwake hapa mjini, amegonga mara mbili, nikamwambia ni kichwa.

Wazo la leo: kama ningelelewa na bibi asiyenipenda, chupa zingejazwa hivi hivi tu. Ningekuwa na data safi.

Nimechoka kujisikiliza.

Ijumaa, 19 Septemba

Akko yuko hapa! Mjomba amemleta kliniki ya macho, wanarudi Sericho Jumatatu. Nilisikia “salaam aleikum” ya mjomba langoni, na nyuma yake fimbo ya Akko ya kutembelea.

Amenishika mashavu, akanivuta kwenye mwanga. Umekonda, akasema. Ni mwanamume? Nikasema hapana. “Basi ni kazi. Mwanamume hukosesha mtu usingizi, si chakula.” Mjomba akakohoa. Tukala. Nilikula kwa sababu alikuwa anahesabu matonge yangu.

Baadaye akafungua kifurushi chake. Ndani kuna gorfa mpya, ndogo, amesuka mwenyewe kwa macho yale yanayokwenda kliniki. Imefukizwa vizuri, ndani nyeusi inang'aa. Na kitita cha kuni za mzeituni wa porini, zimekatwa zote urefu wa kiganja. Ameuliza watu masanduku ya ndege yana upana gani! Ni za Oslo. Maana huko, amesikia, ng'ombe wanawekewa mpira kwenye chuchu na maziwa hayaguswi na mtu, na hawezi kukubali nikae miaka minne nakunywa kitu cha namna hiyo.

Akasema wanawake wa Sericho siku hizi wanamwita daktari wa chupa. Kwa kumcheka, lakini jina analipenda.

Kisha akataka nimweleze tena nilichogundua. Hii ni mara ya tano au ya sita. Nilimweleza kwa Kiborana mara ya kwanza mwezi wa tano, nikiwa na furaha ya kichaa, na tangu hapo ananidai kama hadithi. Nikaeleza. Kuna maandishi ndani ya ngamia, kuna mahali pa kushika, kuna watatu wanaokuja kushika. Sauti yangu ilikuwa ya mtu mwingine. Nilipofika kwenye ngamia mwenye kiu hangoji joto, akapiga goti lake kwa kiganja. “Ngamia wangu walikuwa wanajua! Sasa na Wazungu wanajua.”

Akaniuliza Wazungu wamesemaje kuhusu maziwa yake.

“Wamesema ni safi, Akko.”

“Nilijua,” akasema.

Nilijaribu. Naandika hapa kwamba nilijaribu. Nilisema: Akko, zile chupa… Akasema: zimeisha? Nipe nyingine Jumatatu niende nazo. Na mimi nikasema sawa. Lile neno limo ndani yangu, zima, herufi zote zipo, na hakuna kinachokuja kulishika.

Sasa amelala chumbani kwangu. Kuni ziko chini ya kitanda. Chumba kizima kinanukia maziwa.

Jumapili, 21 Septemba

Kuna barua mbili kwenye simu, hazijatumwa. Moja ina neno moja: Sawa. Kwa Dkt. Mugure. Nikiituma, kesho makala inaondoka, Januari nami naondoka. Nyingine ni ndefu na nimeifuta mara saba.

Nimetoa ile karatasi ya maelekezo niliyowapa mwanzoni. Maelekezo kumi na nne, kwa Kiingereza kizuri, mjomba alimtafsiria Akko moja moja. Usiguse ndani ya chupa kwa mkono. Hakugusa. Usioshe chupa kwa maji. Hakuosha. Usichanganye maziwa ya ngamia wawili. Hakuchanganya hata tone. Alifuata yote kumi na nne! Hakuna palipoandikwa usifukize.

Niliiandika mimi, na si mgeni aliyetoka Nairobi. Mimi, niliyekaa kando ya lile kopo nikiwa na miaka minne nampa vijiti. Ningemwuliza Dkt. Mugure kama moshi ni hatari angenijibu kwa sekunde moja. Lakini yeye hakujua kuna moshi, na mimi sikujua kuwa moshi ni kitu cha kutajwa. Vitabuni haumo. Nyumbani haukuwahi kuwa swali.

Kwa hiyo kosa ni la nani? Naandika: mimi. Naandika tena: mimi. Lakini nikimwambia Akko kwamba maziwa yameharibika, atauliza kwa nini, na jibu lolote litaishia mikononi mwake. Ana miaka sabini na kitu. Hajawahi kumpa mtu maziwa kwenye chombo kichafu. Nimwambie chombo kilichafuka alipokisafisha?

Nimemsikia sasa hivi uani akimwambia mke wa mjomba kwamba mimi nikisoma huwa nasahau hata kupepesa macho. Anasema nilianza hivyo nikiwa mdogo.

Ephantus ametuma ujumbe. Hauna mzaha hata mmoja. Anasema chochote nitakachofanya, jina lake nisilifikirie.

Nalifikiria.

Jumatatu, 22 Septemba

Nimetuma.

Saa tatu na dakika kumi na mbili asubuhi. Ile ndefu. Nimemwandikia Dkt. Mugure kwamba sampuli zote thelathini na sita za upande wa kiu zina shaka, nikaambatisha mistari sita na mistari sita, nikaomba makala isitoke. Nakala nimepeleka Oslo hapo hapo, kwa kidole kile kile, kwa sababu najijua — ningejipa siku moja, siku moja ingekuwa Januari. Kwenye sababu nimeandika: maelekezo ya ukusanyaji, niliyoyaandika mimi, yalikuwa na pengo. Sikuandika bibi. Niliandika mkusanyaji.

Ephantus alikuwa mlangoni. Akauliza kwa nyusi tu. Nikasema ndiyo. Akaenda akarudi na mandazi mawili kwenye gazeti, akaniwekea moja mbele yangu, akala lake akitazama ukuta.

Dkt. Mugure amejibu baada ya dakika ishirini: “Nimeipata. Usimwandikie mtu mwingine yeyote. Nitakupigia.” Hakuna moyo. Oslo kimya.

Saa nne nilikwenda kuwaaga. Land Cruiser ya Sericho ilikuwa inajaa, magunia juu, watu ndani. Nilikuwa na boksi la chupa mpya thelathini, na fomalini ndani yake kwenye barafu. Nilisema sawa siku ya Ijumaa na sikuweza kuja mikono mitupu. Na bado nazihitaji. Kama kuna kiu chini ya moshi, mtu lazima aitafute, hata kama si mimi na hata kama hakuna Oslo.

Kazi ya kutoka alfajiri mpaka saa moja ilikuwa hii: kwenye kila chupa, kwa kalamu nyeusi ya maabara, kwa herufi kubwa, USIFUKIZE. Mara thelathini.

Akko hajui kusoma.

Alipokea boksi akakataa lifungwe juu na magunia, akalipakata mapajani. Akapitisha kidole kwenye chupa ya juu, juu ya herufi, akasema safari hii wameziandika vizuri. Akaniambia nisiwe na wasiwasi. Kuna mti ameuona upande wa mtoni, mkavu vizuri, moshi wake ni mtamu kuliko ule wa zamani, na alikuwa anauweka kwa ajili ya chupa zangu.

Nikasema asante, Akko.

Gari likaondoka.

Mjomba Golicha anajua kusoma. Wakifika Garba Tula husimama kunywa chai, na hapo ndipo yeye hufungua boksi kubadilisha barafu ya fomalini. Nililijua hilo nilipokuwa naandika. Nililijua kuanzia chupa ya kwanza.

Sasa ni saa saba kasoro. Barabara ikiwa nzuri, wameshafika.

Simu iko mezani, uso juu. Sijui nani atatangulia kunipigia, Dkt. Mugure au mjomba.